Bastola ya Mbio na Chupa ya Mbodze

Jumatatu, 14 Julai 2025

Bastola ya kuanzishia mbio imefika! Ametuazima Swabir, mwamuzi wa riadha kutoka Ukunda. Haiui hata nzi, hutoa mlipuko na moshi tu. Lakini ni bastola! Unavuta kifyatulio, silinda inazunguka, nyundo ya nyuma inapanda, inaanguka, pa! Swabir amesisitiza nisiifungue. Ikisumbua, nimpigie simu.

Jumamosi ni mashindano ya shule za hapa Shimba Hills. Mwanzishaji atakayefanya vizuri atapelekwa Diani kuanzisha mbio za kaunti, na hoteli juu. Ama mimi, ama mwalimu mwenzangu Garama, ambaye miaka yote huanzisha mbio kwa vibao viwili vilivyoungwa kwa bawaba. Anavigonganisha, ta! Vibao, zama hizi! Akienda yeye, nitamsikia akisimulia hiyo hoteli hadi nistaafu.

Jumanne, 15 Julai

Nimeijaribu. Kifyatulio kigumu mno. Nakivuta kwa nguvu zote. Kikishavutika, hakirudi mbele. Nimekisukuma kwa kalamu. Kuinua macho, Garama yuko dirishani! Aliniuliza kwa upole kama chombo ni kizima. Nikamjibu kwamba ndivyo zilivyo bastola bora.

Simpigii Swabir. Atamwambia mwalimu mkuu, Bi. Biasha, naye atasema basi tutumie vibao.

Jumatano, 16 Julai

Uchunguzi. Kwanza nilishuku kidole changu. Nimebinya malimau asubuhi nzima ili kipate nguvu. Malimau yamekwisha, mke wangu Mbodze amenuna, kifyatulio kigumu vilevile. Nikashuku risasi zake za moshi. Nimezitoa zote. Vilevile.

Basi ugonjwa uko ndani. Nimefungua skrubu. Springi ikaruka, ikaingia chini ya kabati! Nimelala kifudifudi, jasho linanitoka, namwomba Mungu kwa Kikamba cha kwetu ili anisikie haraka. Nimeipata. Huko ndani kote ni masizi ya baruti. Nimerudisha kila kitu mahali pake. Nadhani.

Alhamisi, 17 Julai

Mafuta! Kwa nini sikufikiria mapema? Mbodze ana chupa ya mafuta ya nazi ya nywele, anayokamuliwa na dada yake kule Msambweni. Msimu huu wa baridi huianika juani kila asubuhi kabla ya kujipaka. Mambo ya kwao, sijawahi kuuliza. Mchana alikuwa shambani. Nimemimina nusu chupa ndani ya bastola.

Laini! Kidole kimoja tu! Bastola inanukia wali wa nazi, lakini nani atainusa?

Ijumaa, 18 Julai

Mbodze ameulizia mafuta yake. Nimesema labda ni panya. Akataka kujua ni panya gani huyo anayefungua kifuniko na kukirudisha. Nikakumbuka nina kazi shuleni.

Saa nane, jua kali, Bi. Biasha alitaka kuiona ikifanya kazi. Pa! Amepiga makofi. Garama naye amenipa mkono, akasema kesho atakuja na vibao vyake hata hivyo. Kwa nini hata hivyo? Anajua nini huyu?

Jumamosi, 19 Julai

Asubuhi ukungu, baridi ya kuvalia koti. Wavulana wa mita mia wakainama kwenye mstari. Nikaita tayari. Nikavuta. Kimya! Nikavuta kwa vidole viwili. Kwa mikono miwili. Nyundo ikapanda, ikanasa hukohuko juu. Nikachungulia: mafuta yameganda, meupe kama samli. Wavulana wakaanza kuanguka kwa pua, mmoja baada ya mwingine.

Ta! Garama. Wakatimka. Uwanja mzima ulishangilia, na si kwa ajili yangu. Niliiweka bastola kwenye meza ya wageni nikaenda kusimama nyuma ya vyoo. Nilitaka kulia.

Baadaye jua likatoka, likaipiga ile meza. Mgeni rasmi, naibu wa chifu Bw. Mwero, alikuwa amefikia umuhimu wa amani katika hotuba yake. Pa! Nyundo imeanguka yenyewe! Bw. Mwero tulimtoa chini ya kitambaa cha meza. Wasichana wa mita mia mbili, waliokuwa wakijinyoosha kwenye mstari, walichomoka wote kwa pamoja. Mwanzo safi kuliko yote ya siku ile! Hakuna hata mmoja aliyenipongeza.

Jumapili, 20 Julai

Garama anakwenda Diani.

Swabir amekuja kuchukua bastola yake. Alinieleza, kwa sauti ya mtu anayejizuia, kwamba ilihitaji brashi kavu tu, na kwamba mafuta ya nazi huganda kwenye baridi, hata mtoto wa Pwani anajua. Mbodze akaongeza kwamba ningeuliza tu kwa nini anaanika chupa. Nimewaomba radhi wote wawili. Nimeapa kutogusa tena chombo cha mtu. Nilijihisi mwepesi kabisa.

Kisha nikafikiri. Diani kuna joto. Diani mafuta hayagandi!

Jioni nimepita kwa Garama. Nimemwambia bawaba za vibao vyake zinalia, itakuwa aibu mbele ya watu wa kaunti. Masikini, mtu mwema, amenikabidhi nizishughulikie. Mbodze ameificha chupa ndani ya pipa la mahindi. Nimeshaiona.