Shajara ya Mkuu wa Taarifa Mtarajiwa

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema kuliko zote tangu niajiriwe na kampuni hii ya dobi. Bosi ametutangazia asubuhi, katikati ya mvuke wa pasi, kwamba anataka Mkuu wa Taarifa. Cheo kipya! Meza yenye droo inayofungika! Kazi yenyewe ni kumwambia kila siku nguo ngapi zimeingia, ngapi zimefuliwa, ngapi zimewafikia wenyewe. Amenunua na programu ya ripoti. Inachora michoro ya rangi, ila haijui lolote mpaka iunganishwe na hifadhidata, yaani pale mifumo yetu inapotunza kumbukumbu zake. Atakayeiunganisha vizuri kufikia Ijumaa ndiye atakayefikiriwa.

Sasa afikiriwe nani kama si mimi? Yupo Kamanda, mwanamke anayesimamia kaunta, tunamwita hivyo kwa sababu ya ile sauti. Lakini yule taarifa yake ya siku huiandika kwenye simu kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili unatafuta soksi ya mteja. Bosi anazipenda taarifa hizo. Hajui kilicho bora.

Jioni nimewahi mambo kidogo. Nimemwambia mama mkwe kwamba cheo nimeshapewa. Ilinibidi! Amekuja tena kukaa nasi kwa mwezi mzima, na kila mgeni akiingia hunitambulisha kwa maneno yale yale: huyu mume wa binti yangu, yupo yupo tu kwa dobi. Yupo yupo tu! Huniuma sana, wala sijawahi kumwambia mtu. Leo alipoanza tena mbele ya jirani, maneno yakaniponyoka. Mama mkwe akanitazama upya, akanisogezea kiti chenye mto. Mke wangu naye akanitazama, lakini vingine.

Jumanne, 4 Machi

Nimefika kazini kabla mashine hazijawashwa. Fundi wa kompyuta amenifafanulia kwamba kumbukumbu zetu ziko sehemu tatu. Kaunta inaandika wateja na nguo zao. Mashine za kufulia zinaandika kilo na joto la maji. Magari yanaandika mifuko iliyopelekwa majumbani. Kuziunganisha, natakiwa nichague namba inayofanana kote. Nikachagua. Namba si namba? Huku nikachukua namba ya mteja, kule nikachukua iliyokuwa karibu.

Ripoti ikatoka nzuri ajabu, bluu na chungwa. Nikampelekea Bosi mbio bila kuisoma. Yeye akaisoma. Akaniuliza kwa upole mno kama nina habari kwamba, kwa mujibu wa ripoti hii, mwalimu mkuu wa shule ya jirani amelowekwa, amefuliwa kwa maji ya moto, amekamuliwa, na sasa yumo ndani ya mfuko anarudishwa kwake. Nikasema nitalifuatilia. Kamanda akacheka mpaka akaishikilia kaunta. Akaniambia kaka, huyo asipigwe pasi ya moto sana, anachuja. Watu bwana!

Fundi amenisaidia kurekebisha. Kumbe namba ya risiti ndiyo inayoifuata nguo popote iendapo. Jambo dogo, ningeligundua mwenyewe.

Halafu akanipa ushauri wa ajabu. Eti ripoti isiunganishwe na hifadhidata yenyewe, ile ambayo kaunta inaitumia. Iunganishwe na nakala yake, inayochukuliwa kila alfajiri. Eti ile yenyewe ina kazi ya kuhudumia wateja, na ukiiuliza maswali mfululizo inaelemewa. Nakala! Yaani nimpelekee Bosi mambo ya jana wakati Kamanda anampa ya leo? Nikatikisa kichwa kukubali, kama mtu mwenye adabu zake.

Jumatano, 5 Machi

Nimeingia kwenye hifadhidata yenyewe! Sikulaza damu. Nilimwambia fundi kwamba nataka kujaribu kidogo tu, kisha nirudi kwenye nakala. Ni mtu mwema, huamini watu. Akanifungulia akaunti, akauliza iitweje. Nikamwambia aiite MKUU WA TAARIFA, ili tusije tukahangaika kuibadilisha baadaye. Akanitazama sana. Akaandika.

Sasa ripoti yangu iko hai. Nimeiweka kwenye skrini kubwa ukutani, juu ya kaunta, pale palipokuwa na tangazo la sabuni. Fundi alisema ripoti za watu hujisasisha mara moja kwa siku, inatosha. Mimi nimeiweka ijisasishe kila dakika. Kisha nikaona dakika ni ndefu, nikaweka kila sekunde kumi. Shati likipokelewa, mstari unapanda palepale! Nilisimama katikati ya wateja nikiutazama, nikasikia raha ambayo sijaisikia tangu siku ya harusi yangu.

Bosi akapita, akaona, akasema enhe. Kwa Bosi hiyo ni hotuba.

Habari nyingine: kaunta ya Kamanda leo inajikongoja. Anaandika namba ya risiti, kompyuta inaanza kuwaza. Foleni imefika mlangoni. Sikufurahi. Haya, nilifurahi kidogo.

Alhamisi, 6 Machi

Foleni imefika barabarani! Kuna bwana mmoja anasafiri jioni. Koti lake la suti amelipata, suruali mfumo bado unaitafuta. Alisimama kaunta na koti zuri juu na kaptura ya mazoezi chini, akimuuliza Kamanda kama anamjua yeye ni nani. Kamanda akajibu kwamba mfumo ndio usiomjua. Kelele zikamtoa Bosi ofisini. Akataka kuambiwa ni nani anaufanya mfumo uwe mzito hivi.

Bahati iliyoje! Nikanyoosha mkono. Nikasema jibu nitalileta kesho, kwa ushahidi, mbele ya wote. Maana fundi aliwahi kunionyesha kwamba hifadhidata hujiandikia kila akaunti inavyoisumbua: nani ameuliza, mara ngapi, na amekula muda gani. Nimeunganisha ripoti mpya na kumbukumbu hizo. Itapanga akaunti zote, msumbufu mkubwa juu kabisa, kwa herufi nyekundu. Najua nani atakuwa juu. Yule mwanamke kutwa nzima anabonyeza kitufe kimoja kwa hasira! Sijaifungua kuitazama, nataka nami nishangae pamoja na wenzangu. Ila nimeiweka ijisasishe kila sekunde tano, ili ushahidi uwe mwingi. Fundi amenipigia simu tena na tena. Sikupokea, nilikuwa na kazi.

Nyumbani mama mkwe amesema kesho atapita kuchukua gauni lake, na marafiki zake wawili wanataka kuiona ofisi ya mkwe. Nikasema karibuni sana. Mke wangu akatoka nje, nikamsikia akikohoa kwa muda mrefu. Si kikohozi kile. Kusema kweli ninaogopa. Nikikosa cheo hiki sasa, sijui ndani ya nyumba ile nitatazama wapi.

Ijumaa, 7 Machi

Wote walikuwepo. Bosi, Kamanda, fundi, wapiga pasi, foleni nzima ya wateja, na yule bwana wa suruali, ambaye hakusafiri. Nyuma kabisa mama mkwe na wenzake, wamependeza. Nikatoa hotuba fupi juu ya uwajibikaji. Nikasema mwenye kosa asichukiwe, aelekezwe. Nikamtazama Kamanda kwa huruma. Nikabonyeza.

Skrini ikawaza. Ikawaza tena. Kisha mstari mwekundu ukachomoza, ukaenda, ukaenda, ukaishia pembeni kabisa kwa kukosa nafasi. Mbele yake herufi kubwa: MKUU WA TAARIFA. Kaunta ya Kamanda ilikuwa chini huko, kijistari cha kutafuta kwa tochi.

Pasi tu ndizo zilizoendelea kupumua. Bosi akasema taratibu kwamba, anavyojua yeye, kampuni hii bado haina Mkuu wa Taarifa, kwa hiyo angependa kumfahamu. Fundi akatazama viatu vyake. Nikasema huenda ni kirusi.

Ndipo sauti ikatoka nyuma.

“Ndiye huyo, mkwe wangu!” Mama mkwe alikuwa amewashika mikono wale marafiki, anawasogeza mbele. “Someni wenyewe. Cheo chake kile, kiko juu kabisa. Kawapita wote!”

Marafiki wakapiga makofi. Baadhi ya wateja nao wakapiga, sijui kwa nini, nadhani walichoka kusimama. Mama mkwe akanipungia mkono na macho yake yakilengalenga machozi. Miaka yote ile ya yupo yupo tu, halafu siku anayonisifu mbele za watu, ananisifia kitu kile kile kilichonimaliza! Nilitaka kulia, na sina hakika ingekuwa kwa lipi.

Bosi alimtazama yeye, akanitazama mimi. Mdomo ukamcheza. Akamwambia mama kwamba ni kweli, tangu kampuni ianze hakuna mtu aliyeushughulisha mfumo huu kama mkwe wake. Kisha akaniomba nimfuate ofisini, akafunga mlango, akaegemea kabati na kucheka hadi akavua viatu.

Kwa hiyo sikumwaga unga. Lakini cheo kimekwenda kwa Kamanda, na droo yake. Akaunti yangu imefungwa, nimefunguliwa nyingine yenye jina langu la kawaida, kwenye nakala tu. Ripoti ilipozimwa, suruali ya yule bwana ilionekana palepale. Kamanda amewaambia wapiga pasi kwamba atakayemtobolea siri mama mkwe atamjua yeye ni nani. Kisha akanipa pole, pole ya kweli. Sikutegemea. Nikamshukuru.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi mama mkwe amenitambulisha kwa muuza magazeti: mkwe wangu, Mkuu wa Taarifa, hata ukutani wamemwandika. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mke wangu anasema nimweleze ukweli kabla hajaumaliza mtaa mzima. Nitamweleza. Sijapata tu nafasi.

Kazini mfumo unaruka! Foleni hakuna, Kamanda anaimba. Nimekaa nikayatafakari yote yaliyotokea wiki hii, kwa unyoofu wa moyo, na nimeliona kosa langu. Mfumo umekuwa mwepesi hivi kwa sababu mimi nimeizima ripoti yangu. Hayo ni mafanikio yangu, na hakuna anayeyajua! Yangejulikana, Bosi angelifikiria upya suala la cheo. Nikamweleza fundi kwamba nahitaji kuingia kwenye hifadhidata yenyewe, kidogo tu. Amekataa kabla sijamaliza sentensi. Wema wake umepungua sana.

Bahati nzuri Kamanda amekwenda kula na kompyuta yake ameiacha wazi. Nimeunganisha ripoti moja ndogo, ya kupima wepesi wa mfumo. Inapima kila sekunde.