Jinsi ya Kuipandisha Daraja Milima ya Ngong

Jumatatu, 9 Juni

Habari kubwa! Mwalimu Nzuki wa Jiografia ametangaza kwamba mwezi wa Agosti Chama cha Wapanda Milima cha shule yetu kitapeleka wanafunzi sita Mlima Kenya. Sharti ni moja: uwe umemaliza angalau safari moja ya Daraja la Tatu. Yaani ngumu.

Nimefungua daftari langu. Ngong, Daraja la Pili: nilimaliza. Wa mwisho, lakini nilimaliza. Longonot, Daraja la Tatu: nilirudia langoni. Sababu: tumbo.

Basi. Nataka kwenda Mlima Kenya kuliko kitu chochote. Theluji nimeiona kitabuni tu, tena picha yenyewe ina doa la chai.

Maureen, tunayekaa naye dawati moja, anatoka Kilimani na ana buti za milimani za kweli. Amenishika bega akasema, pole Sahar, utatuona kwenye picha.

Tutaonana.

Jumanne, 10 Juni

Wazo limenijia katikati ya Hesabu. Si lazima nipande mlima mgumu. Inatosha mlima niliokwisha kuupanda uwe mgumu! Ngong ikitolewa Daraja la Pili ikapelekwa la Tatu, jina langu linaingia bila mimi kutoka jasho.

Wakati wa chai nikamwendea Mwalimu. Nikamweleza kwa heshima kwamba madaraja yetu ni ya zamani, na kwamba upepo wa Ngong siku hizi umezidi. Akauliza umezidi kwa kipimo gani. Nikasema kofia yangu. Akacheka sana. Kisha, ajabu, akakubali! Anasema sayansi ni kupima upya.

Masharti yake haya hapa. Nitafute mtu mzima wa kawaida ambaye hajawahi kupanda mlima. Jumamosi apande kutoka langoni mpaka kilele cha nne. Chini ya saa moja na nusu ni Daraja la Kwanza. Hadi saa mbili na nusu, la Pili. Zaidi ya hapo, la Tatu!

Mshika saa: Maureen. Hilo sikuliomba.

Kazi yangu ni kumtafuta mtu mzima mzito kuliko wote Nairobi.

Jumatano, 11 Juni

Nimempata. Shangazi Mabruka!

Ni dada mkubwa wa Baba. Amezaliwa na kukulia Mombasa, usawa wa bahari, kwa hiyo kufuatana na Jiografia hewa ya juu lazima imlemee. Ana miaka hamsini na mitatu. Ni mnene, mashaallah. Tena akija kwetu Riruta husimama kila kibanda kuuliza hali na bei, mpaka mwendo wa dakika tano unakuwa nusu saa. Nimeyaandika yote haya vizuri kwenye ukurasa mmoja na kuyapigia mstari.

Nimempigia simu. Amesema yuko radhi, ila kesho nikitoka shule nimsaidie dukani kwake. Mzigo wa madera umeingia.

Nimekubali. Mpango mkubwa una gharama zake.

Alhamisi, 12 Juni

Duka la Shangazi liko mjini, orofa ya nne. Lifti imeharibika tangu kabla sijazaliwa. Marobota kumi na mawili yalikuwa yanangoja chini.

Mimi nilibeba moja. Orofa ya tatu nikakaa kwenye ngazi, nikajifanya nawapisha wateja. Shangazi akanipita na robota kichwani. Akashuka. Akanipita tena, sasa anaongea na simu, anamgombeza mtu wa vitambaa. Mara ya tatu akaniuliza, "Mwanangu, hapo umepanga chumba?"

Hesabu ya mwisho: yeye kumi na moja, mimi moja. Kila siku ya mzigo huwa hivyo, anasema, miaka kumi na sita sasa.

Vizuri sana! Keshokutwa atakuwa hoi.

Ijumaa, 13 Juni

Maandalizi. Nimemwambia Shangazi kwamba Ngong kuna baridi kali, avae nguo nyingi. Nimemwomba Mama apike mahamri na mbaazi za nazi, mengi, ya kumshibisha kabisa kabla ya safari. Mama ameuliza tangu lini nikawa na huruma hivi kwa shangazi yangu. Nimesema tangu zamani.

Maureen aliposikia umri wa Shangazi alishika mdomo. Akasema, "Aki Sahar, utaua mtu wewe!"

Nilijisikia vibaya kwa dakika nne hivi.

Jumamosi, 14 Juni

Saa mbili asubuhi, langoni. Shangazi: mahamri saba tumboni, dera, sweta mbili, ndara, na kapu lake mkononi. Mwalimu akaniita kando akauliza kama nina hakika mama huyu yuko salama. Kisha akamwambia, twende taratibu, Bi Mabruka, hatukimbizani.

Taratibu! Maureen alibonyeza saa. Shangazi akasema bismillahi, akakunja dera, akaondoka.

Nilijaribu kila kitu. Nikamwonyesha mitambo ya upepo. Akasema inazunguka vizuri, akaendelea. Nikamwonyesha ng'ombe. Akasema ng'ombe anawajua. Nikasema nina kiu, akanipa chupa bila kusimama. Nikainama kufunga kamba za kiatu. Nilipoinua kichwa, Shangazi alikuwa kidoa cha rangi ya machungwa huko juu, na Maureen anamkimbilia kwa buti zake.

Yaliyobaki nimesimuliwa. Kilele cha tatu aliwakuta akina mama watatu kutoka Spring Valley, wenye fimbo mbili mbili za kutembelea. Akawasalimu. Akafungua kapu. Kapu lilikuwa na madera! Mmoja akajaribu lake palepale kwenye upepo, wakabishana bei, Shangazi akauza mawili. Na baada ya biashara yote hiyo akafika kilele cha nne kwa saa moja na dakika kumi na mbili. Maureen aliitikisa saa akidhani imekwama.

Mimi nilitumia saa mbili na dakika arobaini. Nikamkumbusha Mwalimu, huku nikihema, kwamba hata mimi ni mtu wa kawaida. Akasema sharti ni mtu mzima.

Shangazi alinipangusa uso kwa ncha ya dera. Akasema, "Pole, mwanangu. Hapa ni kama dukani tu, ila huna wa kumpisha."

Jumatatu, 16 Juni

Tangazo ubaoni: NGONG, DARAJA LA KWANZA. Chini yake: kwa utafiti wa Sahar, Kidato cha Pili.

Muchiri wa Kidato cha Tatu, aliyekuwa akijisifia Ngong tangu mwaka jana, hanisalimu tena.

Ijumaa, 20 Juni

Majina yametoka. Matano tu. Maureen ni wa kwanza. Mimi simo. Nilisoma karatasi kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Ndipo nikaona mstari wa mwisho: "Mlezi wa wasichana: Bi Mabruka."

Shangazi anakwenda Mlima Kenya!

Amenipigia simu kuniuliza kama theluji huharibu ndara, na kama huko juu hupita watu wengi. Maureen sasa anamwita Shangazi, tena mbele yangu.

Lakini nafasi ya sita iko wazi! Itangoja mpaka mwisho wa Julai, apewe atakayemaliza Daraja la Tatu. Mwalimu ameniambia kwa upole kwamba Longonot tunarudi tarehe kumi na mbili Julai. Shangazi naye amesema nimbebee marobota kila jioni kwa wiki tatu, hakuna mlima utakaonishinda. Nimewashukuru wote wawili. Nimekataa kwa adabu.

Nina mpango bora. Kidato cha Kwanza tulitembezwa msitu wa Karura, na Karura haijawahi kupimwa hata mara moja! Kosa langu lilikuwa kumchagua mtu mwenye nguvu za siri. Safari hii nimemchagua Baba. Ni karani, hukaa kitini mchana kutwa. Tena kila asubuhi huenda kazini kwa miguu, Riruta mpaka mjini, na jioni hurudi vivyo hivyo, mwaka wa kumi na tisa sasa.

Miguu hiyo lazima imekwisha kabisa.