Hotuba ya Mwenyekiti wa Nyota, Akiwa Kitanda cha Chini

Mheshimiwa Mzee wa Rangi, mlezi wa chumba chetu na mtu pekee humu mwenye kiti. Mheshimiwa Mpishi, mshika upawa, ambaye bila yeye itifaki yote ni njaa tupu. Mheshimiwa Shemeji, uliyeombwa na dada yako, yaani mke wangu, unichunge huku ugenini, nawe ukanichunga kwa kulala. Waheshimiwa wabeba zege, wapiga plasta na wasuka nondo, mlioko vitanda vya juu, vitanda vya chini na mliokosa vitanda. Mheshimiwa Fundi wa Kuchomelea, almaarufu Mdomo Msumari, uliyekaa juu ya ndoo pale mlangoni na begi lako magotini kama mtu anayesubiri gari. Itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, basi ichukuliwe hivyo hivyo ilivyo. (Makofi. Mpishi anainua upawa.)

Naomba radhi kwa kuhutubia nikiwa nimelala. Viongozi wengi hulala mikutanoni, lakini mimi nadhani ni wa kwanza kulala huku mwenyewe ndiye ninayeongea. Mguu wangu, kama mnavyouona juu ya mto wa Shemeji, umepigwa plasta na wataalamu wa hospitali, nami niliyezipiga plasta kuta za watu mpaka vidole vikasahau kunyooka nakiri kwamba kazi yao ni safi, ila kwenye kona ya kisigino wameharakisha. (Kicheko. Shemeji anauliza mto wake utarudi lini. Swali linapelekwa kamati ndogo.)

Ndugu wadau, nimesimama mbele yenu, kwa maana ya kiserikali ya neno kusimama, kuwasilisha taarifa ya utekelezaji wa Mradi Mkakati wa Kuinua Maadili ya Baraza la Mtandaoni kwa Mfumo Shirikishi wa Nyota, mradi uliobuniwa na Mwenyekiti, ukapitishwa na Mwenyekiti, ukazinduliwa na Mwenyekiti, na hatimaye ukamwangukia Mwenyekiti, au tuseme Mwenyekiti ndiye aliyeuangukia.

Mnakumbuka Baraza letu lilivyokuwa. Tulilianzisha kwenye simu zetu ili mtu aliye mbali na kwao ajue kazi iko wapi, nyapara gani ananyima watu viatu, na nani kule nyumbani kazaa au kazikwa. Likageuka uwanja wa matusi. Mwenzetu mmoja aliuliza dawa ya mikono iliyoliwa na saruji, akapata majibu mengi yaliyomhusu mama yake na moja tu lililohusu mikono. Hilo moja lilitoka kwa Fundi pale mlangoni, na lilisema: vaa glavu, we kichwa cha tofali. (Minong'ono. Kichwa cha tofali anainua mikono kuonyesha kwamba imepona.)

Hapo ndipo mimi, msomi wa darasa la sita, niliyeliacha la saba kwa sababu la saba lilianza kuniacha, nikaona maono. Nikasema tupeane nyota. Kila mwanachama ampime mwenzake kwa adabu yake, na mwenye nyota nyingi aheshimiwe, na maneno yake yasomwe kwanza. Asiye na nyota awekwe kivulini, yaani mtu akiona jina lake apite bila kusoma, mpaka hapo mhusika atakapojirekebisha kitabia, kimaadili na kidijitali. Mpwa wangu kule nyumbani, ambaye amesomea kompyuta au amekaa karibu na waliosomea, angetutengenezea sistimu ya kuhesabu nyota hizo yenyewe, bila upendeleo.

Na matokeo, ndugu wajumbe, yalikuwa ya kutisha kwa uzuri. Matusi yalishuka kwa asilimia mia moja na ushee. Salamu zilipanda mpaka zikawa hazishukiki. Mtu akiuliza kama kesho kuna kazi, anajibiwa: hongera sana kaka yangu mpendwa kwa swali zuri, Mungu akuzidishie maswali. Kama kazi ipo au haipo, hilo hakuna aliyelisema, maana anayesema haipo anaweza kumkera mtu akanyimwa nyota. (Kicheko cha wanaojitambua.)

Aliyeongoza kwa nyota alikuwa Mpishi, ambaye tangu Baraza lianze hajawahi kuandika kitu zaidi ya "chakula tayari". Ila nani kati yenu angemnyima nyota mtu anayeamua nyama iangukie sahani ipi? Wa pili Mzee wa Rangi, kwa sababu mkubwa hapimwi, na simu yake haina hata uwezo wa kufungua Baraza. Wa tatu ni mimi. Nilipewa na Shemeji, kwa kuwa shemeji hana ujanja, na nyingine nikajipa mwenyewe, lakini kwa unyenyekevu, mbele ya kioo, baada ya kujihoji. (Makofi. Mzee wa Rangi anauliza nyota ni kitu gani.)

Sasa nije kwenye changamoto, ambayo sisi viongozi huitaja kwa sauti ndogo kuelekea mwisho.

Changamoto ilikuwa Mdomo Msumari. Mtu huyu hakupata nyota hata ya kuokota. Mnamjua. Ukimsalimia "habari za asubuhi" anakuuliza kwani wewe hukuiona. Nilimwita kwa faragha, pale kwenye mabomba tunapofulia, nikamsihi kwa jina la maendeleo ajifunze kuanza ujumbe na "ndugu yangu". Akanijibu kwamba ndugu yake yuko kwao anachunga ng'ombe, na mimi sifanani naye. Nikamtangaza kivulini siku ile ile, kwa waraka wenye vichwa vitatu vya habari, nanyi mkaupigia makofi ya vidole gumba.

Wiki iliyofuata akaandika ujumbe. Nitausoma, kwa ruhusa yenu, ili uingie kwenye kumbukumbu. "Ubao wa kiunzi upande wa ngazi umeoza. Hata mbuzi angeuona. Nyie mnaopanda na macho ya kuazima, mkianguka msiniite."

(Mtu wa kitanda cha juu anashusha miguu.)

Asubuhi ile, kwenye Baraza, juu na chini ya ujumbe huo, kulikuwa na maneno matamu kiasi kwamba simu zilikuwa zinanata. Mimi mwenyewe niliandika: tukapande ghorofani kwa upendo, wapendwa. Nikapata nyota kwa hilo. Kisha nikapanda kwa upendo, nikiwa na ndoo ya mchanganyiko begani, nikaukanyaga ule ubao wa upande wa ngazi, na ubao haukuwa na habari kwamba mimi ni wa tatu kwa nyota.

Sitaeleza namna nilivyoshuka. Waliokuwepo wanasema nilishuka kwa kasi isiyolingana na cheo changu. Lililopo ni kwamba wenye nyota wote walisimama pembeni wakiniita kwa majina mazuri mazuri, na Mpishi, ambaye alikuwa ametuletea chai, alilia mpaka chai ikapoa. Aliyetupa kinyago chake cha kuchomelea, akaja, akanipakia mgongoni kama gunia na kunipitisha kwenye nondo, matope na lile geti wanalolifunga hata kwa wagonjwa, alikuwa mtu wa kivulini. Njia nzima nilikuwa napiga kelele. Aliniambia neno moja tu: "Tulia, Mwenyekiti. Ukijitikisa nakuangusha tena."

(Kicheko, halafu hakuna kicheko.)

Tuliporudi kutoka hospitali nikawa siwezi kupanda kitanda changu cha juu. Nikakuta godoro langu limeshatandikwa hapa chini, na la Fundi liko kule kwangu, karibu na dari na joto. Kwenye Baraza alikuwa ameshajitoa. Jana Shemeji akanipa habari kwamba Fundi amepata kazi mbali, na leo baada ya chakula anaondoka, kwa kuwa, kama alivyomwambia Shemeji, haoni faida ya kukaa na watu ambao mtu akipiga kelele ya hatari wanaangalia kwanza amepiga kwa adabu gani.

Ndugu wajumbe, serikali yangu sikivu imelisikia hilo, ikiwa imechelewa kwa mguu mmoja. Kwa hiyo naahidi Awamu ya Pili ya mradi, itakayojikita katika ufuatiliaji, tathmini, uwajibikaji, na maneno mengine manne ambayo nitayatafuta. Naahidi semina. Naahidi fulana zenye nembo. Naahidi kwamba nikisema Nyota, mtajibu Zing'are. Na nikisema Ubao, mtajibu Utazame Kwanza. Nyota! (Zing'are.) Ubao! (Utazame kwanza. Wengine wanautazama ubao wa kitanda.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mpwa wangu, mtaalamu wa sistimu, ambaye tangu nimwagize hajapokea simu yangu hata mara moja, na sistimu yenyewe hajaigusa. Haipo, ndugu zangu. Haikuwahi kuwepo. Zile nyota nilikuwa nachora mimi kwa kidole, nimelala kule juu, namwongezea Mpishi ninapokuwa na njaa. Na kivuli pia hakikuwepo. Hakuna mtambo uliouficha ujumbe wa Fundi. Ulifika kwenye simu ya kila mmoja wenu, ukafika na kwangu, mzima, kila herufi mahali pake. Niliona jina, nikapita, kama nilivyowaagiza mpite. Nilivunjika mguu na onyo likiwa mfukoni mwangu.

Kwa hiyo nakushukuru wewe, Fundi. Mradi sina, nyota sina, hata mto si wangu. Nilichonacho ni hiki kitanda, nacho ni chako. Nakishikilia tu mpaka nijue kupanda. Ukiondoka leo, nani atatuambia kwamba ubao umeoza? Hawa watatuambia umependeza. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Makofi machache yanayongoja kuona. Fundi wa Kuchomelea anainuka kwenye ndoo na begi lake. Anavuka chumba. Analisukuma begi kwa mguu mpaka chini kabisa ya kitanda cha Mwenyekiti, halafu anamtazama.

"Hotuba mbovu," anasema. "Mbovu kuliko ule ubao."

Mwenyekiti anaomba kimya, na anamsihi Mheshimiwa arudie, ili na wa vitanda vya juu wasikie.)