Biri Ndani ya Mfuko Ulioshonwa

Jumatatu, 4 Machi

Raha iliyoje! Kahawa chungu ya moto, mke yuko sokoni, na biri yangu mdomoni. Si zile sigara nyembamba za vijana. Hii ni nene, ya kahawia, majani matupu ya tumbaku, na bei yake hata fundi cherehani anaimudu. Kila asubuhi napiga pafu mbili tatu, naizima, naificha. Moja inanifikisha mwisho wa wiki. Moshi nausingizia pasi ya mkaa. Akili ni nywele!

Ila leo Mama Watoto karudi mapema. Kusikia kandambili zake mlangoni tu, roho ikaniruka. Alishasema: akinusa tumbaku tena kwenye nguo za watu, anaondoka na cherehani. Na ataondoka nayo kweli, maana ni ya marehemu baba yake. Nikaizima biri, nikaichomeka kwenye mfuko wa ndani wa koti lililokuwa karibu. Koti la harusi la Mwalimu wa hesabu, anayeoa Jumamosi.

Mke akalikagua koti, akasema nimesahau kufunga mifuko. Ndivyo tufanyavyo mafundi: mifuko ya koti jipya hushonwa midomo ili koti lisipoteze umbo, mwenyewe ataifumua siku ya kulivaa. Akanipa sindano, akasimama papo hapo. Nimeushona mfuko, biri ikiwa ndani! Nilitetemeka hadi nikajichoma kidole. Akauliza kama nina homa. Nikamwambia ninayo, tena kali.

Jumanne, 5 Machi

Mpango ulikuwa mwepesi. Mke akiingia kuoga, nafumua, natoa, nashona. Nikatoka mara moja kununua vifungo. Narudi, sanamu la kuvalishia koti liko uchi. Mama Watoto kanionea huruma kwa homa yangu, kalipeleka koti mwenyewe. Nimekaa chini sakafuni.

Jumatano, 6 Machi

Nimemfuata Mwalimu shuleni kwake. Nimemdanganya kuwa bega la kushoto halijakaa sawa. Kanishukuru mno, masikini. Ila koti hana. Linatunzwa na mama mkwe wake mtarajiwa, nesi mstaafu, mjane. Nikamuuliza kama ni mama mpole. Mwalimu akasema ni mpole kwa yote isipokuwa tumbaku. Mumewe alikufa kwa kifua. Kaapa bintiye haolewi na mvutaji, hata awe waziri. Mwalimu akacheka, akasema bahati nzuri yeye hajawahi kuonja hata sigara moja.

Sikucheka. Nimerudi nyumbani nimeshika ukuta.

Ijumaa, 8 Machi

Jana nzima nilijilaza nimejifunika shuka. Leo nimejikaza, nimekwenda kwa Nesi na mkasi mfukoni. Nimesema nimekuja kuangalia bega. Akanikaribisha vizuri, akaleta koti, akavuta kiti na kuketi mbele yangu. Macho yale! Wagonjwa wake lazima walipona kwa woga.

Nilipogusa mfuko wa ndani akauliza bega limehamia huko lini. Nikasema uzi wa mfuko umelegea, nauongezea. Na kweli nikauongezea! Mishono miwili juu ya ile ya kwanza, imara, kazi safi kabisa. Mimi ni mjinga wa wajinga. Akanusa hewa, akasema koti lina harufu. Nikasema ni pasi ya mkaa. Akasema atalianika.

Jumamosi, 9 Machi

Tulialikwa, tukakaa safu ya pili. Niliomba mvua, nikaomba umeme ukatike, nikaomba Mwalimu apande gari na kutoroka. Wapi! Wakati wa pete, Nesi akasimama, akasema pete ya mwanawe ikae kwanza karibu na moyo wa mwanamume. Akatoa kimkasi, akafumua mfuko wa ndani wa koti la Mwalimu. Akatia vidole, akatoa biri yangu.

Mwalimu kaduwaa kama mtoto aliyesingiziwa wizi. Bibi harusi machozi. Nesi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniua. Alimwambia bintiye tu, "Nilimzika baba yako kwa kitu hiki." Akamshika binti mkono waondoke.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kutambaa kuelekea mlango wa nyuma. Kofi likanitua begani. Mama Watoto alikuwa anautazama ule uzi uliokatwa. Anaijua mishono yangu.

"Simama," akasema. "Usiposimama, nitaeleza mimi, tena vizuri zaidi."

Nikasimama. Nikasema biri ni yangu, na nikaeleza kisa chote cha mfuko. Watu wakacheka hadi wakashikana. Nesi hakucheka, ila aliuachia mkono wa binti. Wameoana. Mwalimu hata alinikumbatia. Nilitaka ardhi ipasuke.

Jumapili, 10 Machi

Cherehani imeondoka kwa mkokoteni. Iko kwa dada wa mke, na mke yuko huko huko. Nililia mbele ya majirani, sioni aibu kuandika. Mama Watoto amesema mwezi mmoja. Akija kuninusa asinuse kitu, atarudi na cherehani. Akinusa, nitafute sindano ya mkono na mke wa kukopa. Kaka yangu kanihifadhi kwake. Nimeapa mbele yake: biri na mimi, basi!

Jumatatu, 11 Machi

Mke wa kaka ni mwokaji keki. Shemeji huyu, kahawa yake si mchezo! Nzito, ya moto, na nyumba nzima inanukia vanila. Nikawaza: pua gani itapenya vanila yote hii? Kibandani kwenye kona biri zipo, bei ile ile. Nimepiga pafu mbili tu, dirishani, jasho likinitoka kwa woga.

Nimeificha mahali ambapo hata Nesi asingeotea: katika kisanduku cha mishumaa ya keki. Shemeji ananiuliza kama nitamsaidia kubeba keki mchana. Ni ya sherehe ya kuzaliwa, kwa dada wa mke wangu, na kisanduku cha mishumaa ameshakifunga kwa utepe.