Unyevu wa Chumba cha Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Watu watatu leo wamebisha hodi kuniuliza kwa Bi Zamda wa uyoga ni wapi. Mlango wangu umegeuka kibao cha kuelekeza wateja wa jirani! Wa mwisho alikuwa mpishi wa hoteli. Nikamwelekeza upande wa stesheni. Baadaye nikamwona akitoka kwa Zamda na ndoo imejaa. Akanipungia mkono. Nikampungia. Sina kinyongo.

Mimi, Gerson Luhende, mtu niliyeheshimika kituo cha tumbaku Urambo mpaka wivu wa watu ukaniondoa, nishindwe na uyoga? Mifuko ya uyoga nimeshaagiza Ulyankulu, ile iliyokwisha kuota utando mweupe, bado kutoa tu. Inataka kivuli, joto lisilozidi ishirini na nane, na unyevu mwingi. Tabora hii, Oktoba hii! Sebuleni bati linachemka. Nyumba nzima ina chumba kimoja chenye ubaridi, cha nyuma, cha matofali mabichi manene. Marehemu baba mkwe aliyafyatua kwa mikono yake.

Tatizo ni moja. Ndani yake anaishi mama mkwe.

Jumatano, 9 Oktoba

Ameondoka! Yuko njiani kwenda Puge kwa mwanawe, Deus. Nilimwambia Deus kapiga simu, anamkumbuka mama yake mpaka chakula hakipiti. Akasema Deus hajamkumbuka tangu Krismasi, leo kapatwa na nini? Nikasema ndiyo hayo, mama, yamemjaa.

Nilimbebea begi mpaka stendi. Nikamtafutia siti ya dirishani na soda baridi. Jioni Advera, mke wangu, akasema hajawahi kuniona na moyo wa namna hii kwa mama yake. Akanipikia wali wa nazi. Tonge la kwanza lilinikwama kidogo. Mengine yalipita.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mifuko imefika. Mingine nimeitundika kwa kamba, mingine nimeipanga juu ya kitanda cha mama mkwe. Nilitandika nailoni kwanza. Mimi si mshenzi.

Advera nimemwambia ni ya siku chache tu, itatoka kabla mama hajarudi. Alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi.

Mchana kipimajoto kikasoma thelathini na mbili. Nikaenda kwa Zamda kujifanya naazima chepe, nikamdodosa kwa mbali. Hakuficha kitu! Akasema tundika magunia mabichi, tandaza mchanga sakafuni uumwagie maji kidogo, nyunyiza hewani, usiloweshe ukuta, fungua dirisha asubuhi na jioni maana uyoga unapumua kama mtu. Akauliza kama nataka aje aone.

Mshindani gani anatoa siri bure? Mtego huo! Nitafanya kinyume, neno kwa neno.

Jumapili, 13 Oktoba

Kanisani sikwenda. Nimeziba dirisha kwa nailoni na udongo. Maji nimemwaga sakafuni na ukutani, ndoo baada ya ndoo, mpaka udongo ukakataa kuyanywa. Kisha nikaingiza jiko la mkaa na sufuria kubwa ichemke. Mvuke! Nilikaa humo kusimamia mpaka kichwa kikanigonga na miguu ikalegea. Nikatoka kwa magoti.

Kipimajoto: thelathini na sita. Nikakihamishia nyuma ya mtungi wa maji, nikakifunika na kitambaa kibichi. Ishirini na tano! Kumbe siku zote tatizo lilikuwa pale kilipotundikwa.

Ukuta unatoka jasho. Dalili njema.

Jumatano, 16 Oktoba

Umetoka! Mashina marefu kama vidole vya mgonjwa, kofia ndogo kama vifungo vya shati. Nikamwambia Advera hiyo ni aina mpya, ya mahotelini. Akaupika. Akatafuna taratibu, akasema unanukia mkaa. Akauliza pia kwa nini kitanda cha mama kina ukungu wa kijani. Nikasema ni kivuli tu.

Zamda kapita na kuuliza maendeleo. Nikamwambia sina hata pa kuuweka. Akasema Alhamdulillahi. Unafiki mtupu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Ukuta umeanguka.

Nilikuwa uani. Ulitoa mguno kama mzee anayekaa chini, kisha wote ukalalia upande wa Zamda. Uyoga wangu wa vifungo ukabaki wazi mbele ya wateja wake, na mifuko ya kijani inaning'inia. Zamda akaja mbio, hajavaa hata viatu. Nikajua anakuja kucheka. Akapiga kelele: “Kuna mtu chini? Gerson! Mama yumo?”

Nikamwambia mama yuko Puge.

Hakuwa Puge. Alikuwa amesimama nyuma yangu na begi lake na mfuko wa michembe ya viazi vikavu. Deus alikuwa amemweleza kwamba hakupiga simu yoyote.

Nikamwamkia. Shikamoo yangu ilikaa hewani, hakuipokea. Alipita juu ya kifusi, akaokota kipande cha tofali, akakifuta kwa pindo la kitenge, akakirudisha chini polepole. Akasema, si kwa ukali:

“Ungeniomba chumba, baba, ningekupa.”

Kisha akamwuliza Zamda kama ana maji ya kunywa.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mama mkwe alilala kwa Zamda. Asubuhi Advera kampeleka Puge. Kasema naye atakaa huko mpaka ukuta usimame, na akirudi atauangalia ukuta kwanza, mimi baadaye. Kachukua cherehani. Anayekwenda wiki moja habebi cherehani.

Nilitaka kumbebea hadi stendi. Akakataa.

Nimefikiri mchana kutwa na nimegundua jambo. Zamda alijua kwamba nitafanya kinyume. Ndiyo maana akaniambia kweli! Mwanamke hatari sana yule.

Jumapili, 20 Oktoba

Zamda ameleta sahani ya uyoga wa kukaanga, kasema nisilale njaa, na kwamba wanawe wako tayari kunisaidia kufyatua matofali. Nimekataa matofali. Uyoga nimekula. Mtamu. Uliniudhi mpaka wa mwisho.

Nyumba kimya. Nimeingia chumbani kwetu na kipimajoto. Kitanda kitupu, pazia la Advera limefungwa, hakuna anayepumua wala kuwasha pasi humo. Ishirini na sita! Chumba kimepoa kabisa tangu aondoke. Dirisha moja tu la kuziba.

Nimempigia yule bwana wa Ulyankulu. Mifuko mipya inafika Jumanne. Matofali yatasubiri.