Betri Mbili Hazitengani

Jumatatu, tarehe 6

Mke wangu bado yuko kwa dada yake, ng'ambo, tangu boti yangu ilipozima katikati ya maji, yeye na mama yake wakiwa ndani. Mama mkwe alilowa chapachapa. Leo mke wangu kaleta ujumbe: nikamchukue Jumamosi. Mashine ikizima tena, nisimfuate maishani. Nimeusoma mpaka simu imeisha chaji. Nyumba imekuwa kubwa! Kitanda ndiyo usiseme.

Mpango: betri mbili. Moja ya kuwasha mashine, nyingine ya taa na redio. Anapenda redio, huyo.

Jumanne, tarehe 7

Dukani. Muuzaji kauliza betri zangu ni za maji au kavu, maana chaja lazima iendane nazo. Nikamjibu ni nyeusi. Akanitazama sana, kisha akanichagulia mwenyewe. Chaja ya njia mbili, kila betri na njia yake.

Njiani nimekutana na jirani yangu wa gatini, tunamwita Kamanda. Boti yake huwaka mara moja, basi anajiona. Kaisifu chaja yangu. Kijicho kitupu!

Jumatano, tarehe 8

Fundi umeme kaja kufunga. Kaonya betri zisikutane kabisa: redio inyonye yake, ya mashine ibaki imeshiba. Akaenda zake.

Nimekaa nazitazama. Moja huku, nyingine kule, kila mtu kivyake. Nimeshindwa kuvumilia. Nimetafuta waya mnene, nikaziunganisha, nyekundu kwa nyekundu. Umoja ni nguvu! Fundi mwenyewe hajaoa, atajua nini?

Ijumaa, tarehe 10

Chaja inawaka taa mbili za kijani. Betri zimejaa. Nimenyoa ndevu.

Kamanda kachungulia, kauliza waya ule wa nini. Nikamwambia ni mambo ya watu na ndoa zao. Eti kesho atakuwa karibu, lolote likitokea. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumamosi, tarehe 11

Nimefika ng'ambo asubuhi. Nikazima mashine, nikawasha taa zote juani, redio mpaka mwisho. Kumbe dada mtu hachoki kuaga! Mchana ndipo mke wangu akatokea. Gauni lile! Akapanda, akakaa upande wangu. Nikaisukuma boti, nikabonyeza. Kimya. Redio nayo ilikuwa imenyamaza zamani, sikusikia, nilikuwa natazama gauni. Betri zote mbili zimekufa pamoja.

Tukaelea. Akauliza kama nakula vizuri. Nikasema sana. Akaninyooshea kola, mkono ukakaa pale kidogo. Nina hamu naye mpaka mifupa inauma. Nilitaka kumwambia hivyo hasa. Badala yake nikamweleza habari za chaja.

Kamanda akaja na kamba. Akamuuliza mke wangu atuvute upande gani. Akafikiri. Akafikiri tena! Akasema kwa dada.

Jumapili, tarehe 12

Ujumbe wake! Kamanda, mdaku yule, kabla ya kunivuta kurudi nyumbani, kamsimulia habari ya waya. Anasema niutoe tu, fundi athibitishe, naye atarudi hata kesho. Waya mmoja! Nimelia. Nimekimbia gatini na koleo mkononi.

Nimeziona betri zimekaa bega kwa bega. Koleo nimelirudisha mfukoni.

Nimemjibu kwamba kosa nimeligundua: mbili zilikuwa chache. Ya tatu nimeshaifunga, na zote nimeziunganisha. Hajajibu. Bila shaka anafunga mizigo.