Kitufe Chekundu cha Radi Tisa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Inakuja! Radi Tisa inakuja! Daktari Vitufe ametangaza leo kwenye chaneli yake, kavaa glovu nyeupe, kafumba macho kama mtu anayeonja asali. Mashine yenyewe hakuionyesha. Alionyesha kivuli chake ukutani. Lakini kivuli gani! Mashine ya kutengenezea muziki isiyozidi ukubwa wa sahani, yenye ngoma, besi, zeze na kwaya nzima tumboni. Nilisahau kumeza chai.

Daktari alitaja neno moja la kitaalamu. Nikalitafuta kwenye kamusi ya Kiswahili, halimo. Nikalitafuta kwenye ya Kiingereza, halimo. Hapo ndipo nilipojua kwamba huyu mtu amesoma.

Binamu yangu hakushtuka. Tunaishi naye, chumba chake kimepakana na changu, na nyumba nzima inamwita Bwana Ushahidi, maana hata ukimwambia mvua inanyesha lazima atoe mkono dirishani. Akauliza kama huyo Daktari ameigusa hiyo mashine. Nikasema ana wafuasi wengi kuliko watu wa mji huu. Akasema hata jalala lina wafuasi, waulize nzi.

Nikapandwa na mori. Mimi, ambaye darasani nikiitwa jina huitika kwa kidole, nikajikuta nimeweka dau! Akitokea mtu mwingine, asiye Daktari, akaionyesha Radi Tisa kabla ya Jumamosi, binamu ananipa hedifoni zake. Asipotokea, anachukua kinanda changu.

Kinanda changu. Kizee, noti yake ya fa ya katikati imekufa, na nyimbo zangu zote nimezitunga kwa kuiruka fa hiyo kama mtu anavyoruka dimbwi. Lakini ndicho mdomo wangu. Bila hicho sina la kumwambia mtu.

Si kitu. Daktari hakosei.

Jumanne, tarehe 4

Hajatokea mtu. Nimepekua mtandao mpaka simu ikapata joto kama chapati. Wote wanaonyesha kivuli kilekile cha Daktari. Mmoja amekipindua juu chini akadai ni toleo la pili.

Binamu aliingia chumbani na futi ya Mama ya kupimia nguo shingoni. Akakipima kinanda changu, urefu na upana. Akaenda kuipima meza yake. Ukatili wa namna hii unatoka wapi?

Ila nimepata wazo. Ukweli upo; kinachokosekana ni shahidi tu. Kumsaidia shahidi si uongo.

Jumatano, tarehe 5

Nimeiunda! Mama ni fundi cherehani, na juzi alinunua pasi mpya ya mvuke. Boksi lake nikalipaka rangi nyeusi ya viatu. Kwenye kopo la Mama la vifungo nikakuta vikubwa, vyeusi, vinang'aa, kama vilikuwa vinanisubiri. Hivyo ndivyo vitufe. Vifuniko vya dawa ya meno vikawa vya kuzungusha sauti. Kikabaki kifungo kimoja chekundu, hakina mwenzake kopo zima. Nikakibandika katikati kwa kukosa pa kukiweka.

Nikapiga video. Nikajiita Mtu wa Kiwandani, nikairusha mtandaoni.

Watazamaji wawili. Mmoja ni mimi.

Alhamisi, tarehe 6

Siamini! Daktari Vitufe ametengeneza video nzima kuhusu video yangu! Ameisimamisha, ameikuza, amechora mishale. Mabaka ya rangi ya viatu ameyaita ngozi ya chuma. Boksi lilikuwa na mchoro wa tundu la mvuke ambao rangi haikuufunika sawasawa. Akasema ni tundu la kupoza mitambo. Kisha akafika kwenye kitufe chekundu.

Akavua glovu.

Akasema hicho ndicho kitufe cha nafsi. Ukikibonyeza, mashine inausikia wimbo ulio moyoni mwako, hata kama huna sauti ya kuuimba. Akasema yeye mwenyewe alikibonyeza mwezi uliopita, akatokwa na machozi.

Na mimi yakanitoka. Hata kama huna sauti! Amenijuaje? Na mimi nilijuaje kukiweka katikati? Nilidhani nimekosa pa kukiweka, kumbe mikono yangu ilikuwa inaongozwa!

Binamu aliitazama video ile huku akijikuna kidevu, akairudia, akajikuna tena. Mwishowe akasema haya bwana, shahidi nimemwona. Akavua hedifoni shingoni, akaziweka mezani mbele yangu.

Nimeshinda! Nimezivaa hata kwenye kula. Mama ameuliza kama masikio yananiuma.

Ijumaa, tarehe 7

Balaa. Mkunga, mteja wa Mama, alikuja kuchukua koti lake. Mama kufungua kopo, vifungo vya koti hakuna. Akapindua magodoro. Akapindua hata paka. Binamu, kwa nia njema kabisa, akamwambia, Shangazi, hebu pumzika kidogo uone mashine ya ajabu, akampa simu.

Mama akaisogeza karibu na miwani. Akasema, kwa upole unaotisha kuliko kofi, kwamba muziki yeye haujui, ila vifungo vya koti la mkunga atavijua hata vikizikwa. Na hilo tundu ni la pasi yake.

Nikaitwa, mimi na boksi langu. Nikakaa sakafuni nikivibandua kimoja kimoja mbele ya mkunga. Akauliza taratibu kama mtoto huyu huwa anaongea. Mama akasema huwa, ila na vyombo.

Kile chekundu Mama hakukitaka. Akanirudishia mkononi, akasema chukua, hakina mwenzake, kama wewe.

Binamu alinyoosha mkono tu. Nikamrudishia hedifoni zake.

Jumamosi, tarehe 8

Kinanda kimehama. Nilikibeba mwenyewe. Binamu akaja nyuma ameshika waya wake kama anayeshika shela ya bibi harusi.

Tangu adhuhuri anapiga wimbo mmoja ng'ambo ya ukuta. Akifika kwenye fa, kimya. Anarudia. Kimya. Mwishowe akagonga ukuta akauliza, ndugu yangu eh, hii fa wewe unaifanyaje? Nikamwambia iruke. Akairuka. Wimbo ukatoka mzuri. Uliniuma mahali nisipopajua.

Dhamiri ikaanza kunisuta. Nimemwandikia Daktari kila kitu: boksi, pasi, vifungo, mkunga, mpaka paka. Atanichukia. Nastahili.

Jumapili, tarehe 9

Amenijibu! Daktari Vitufe, mimi! Anasema nisijisumbue. Watu chungu nzima wameshamwandikia wakidai ile mashine waliiunda wao kwa boksi, na yote ni wivu. Yeye boksi analijua na mashine anaijua. Ile ilikuwa mashine.

Mzigo umenitoka kifuani. Na hao waongo hawana haya! Kujitwalia kazi ya mtu mchana kweupe!

Nikamsomea binamu. Akajishika kichwa. Akasema lakini wewe ndiye uliyelipaka rangi, vidole vyako bado vyeusi! Nikamweleza polepole, kama mtu anavyomweleza mgonjwa: mimi nilitengeneza boksi tu, mashine ameiona Daktari. Jicho la kitaalamu. Akauliza kwa sauti tamu kama ningependa kuweka dau lingine.

Nimeweka! Radi Tisa ikitoka mwezi ujao, kinanda kinarudi. Isipotoka, anachukua kitanda changu cha dirishani. Maskini binamu, hajui anachokifanya.

Kifungo chekundu nimekibandika ukutani, upande wa chumba chake. Sasa hivi nimekibonyeza, mara moja tu, kwa majaribio. Nikafumba macho kama Daktari.

Ng'ambo ya ukuta, wimbo wangu ukaanza. Ukaruka fa.

Inafanya kazi! Na bado haijatoka!